Mwaka wa Sindano za Mave

Mwanangu alinitolea ulimi mbele ya wanafunzi arobaini na watatu, nami nikampiga. Naanza na hilo kwa sababu najua kuna mzazi atakayesoma maneno haya huku naye akiwa na jambo kama hilo kifuani, na sitaki adhani kwamba aliyeandika ni mama mwema kuliko yeye.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi hapa Bunia. Mave alikuwa na miaka tisa, na darasa la tatu lilikuwa moja tu, kwa hiyo nilimfundisha mwenyewe. Nyumbani aliniita mama, darasani aliniita mwalimu, na hakuwahi kuchanganya. Nilimbana kuliko wengine ili mtu asije akasema napendelea damu yangu. Walimu wengi wenye watoto darasani hufanya hivyo, na wengi tunajisifu.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha kila alasiri. Kwanza ulikuwa mwandiko. Mave alikuwa na mwandiko ambao nilikuwa nikiwaonyesha walimu wenzangu wakati wa mapumziko, wapende wasipende. Ghafla herufi zikaanza kuruka mstari, wino ukawa unachafua kurasa, na daftari likawa kama limepitiwa na kuku. Nikaandika kwa kalamu ya bic nyekundu: uvivu. Wiki iliyofuata nikaandika tena, nikapiga mstari chini yake.

Nyumbani alimwaga chai. Alivunja sahani, kisha nyingine. Bega la kulia likawa linarukaruka, uso unakunjamana bila sababu, na ukimwambia atulie ndiyo anazidi. Kisha yakaja maswali. Ananijia jikoni: "Mama, nimekukosea?" Namwambia hapana. Anatoka, anarudi: "Mama, nimekukosea?" Hata mara ishirini kabla ya chakula. Alianza kunawa mikono mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na hakutaka tena kugusa kitasa cha mlango. Kanisani, kwenye ibada ya maziko, alicheka. Alicheka kwa sauti, machozi yakimtoka, na watu wa mabenchi matatu wakageuka kututazama.

Basi siku ile darasani nilikuwa naandika hesabu ubaoni, watoto wakaanza kuchekacheka. Nikageuka. Mave alikuwa amenitazama machoni, na ulimi ukatoka, ukarudi, ukatoka tena. Nikamwita mbele. Nikampigisha magoti, nikamchapa viganjani, fimbo mbili mbili, na mikono ile ilikuwa inatetemeka hata kabla ya fimbo. Alisema, "Mwalimu, ulimi unatoka peke yake." Nikamwongeza moja kwa kusema uongo.

Mume wangu hakuwapo. Yeye hununua mchele na maharagwe huko Mambasa, wakati mwingine mpaka Niania, na barabara ikiharibika hukaa mwezi mzima bila kuonekana. Nyumbani tulikuwa mimi, Mave, mdogo wake anayenyonya, na Koko. Koko ni mama mkwe wangu. Alikuja kuishi nasi alipokimbia vita kijijini kwake na kuacha ng'ombe na kila kitu, na hajaacha kuongea kuhusu wale ng'ombe kwa majina yao. Ni mwanamke mwenye nguvu na mwenye upendo, na Mave ni mjukuu aliyemlea mgongoni. Ndiyo maana neno alilolisema lilinikata zaidi.

Tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo. Mave alipita, mguu ukimponyoka, akajigonga kwenye mlango.

"Huyu haiko Mave yetu," Koko akasema polepole. "Kuko kitu iliingia ndani yake. Batoto ba hivi, mie niliwaonaka zamani. Banaitwaka ndoki."

Kwa msomaji asiye wa kwetu: mtoto akishaitwa ndoki, mchawi, jina hilo halimtoki kama matope. Majirani wanawaita watoto wao waingie ndani. Sahani yake inatengwa. Kuna watoto wa mji huu wanaolala sokoni leo kwa sababu ya neno hilo moja. Nilimwambia Koko asilirudie. Lakini nitasema ukweli: nililibeba moyoni, nikawa namwangalia mwanangu kwa pembeni anapokula.

Nilimpeleka kituo cha afya cha karibu. Muuguzi alikuwa na haraka, mstari wa watu ulikuwa umetoka mpaka nje, lakini aliuliza swali zuri. Aliuliza kama mtoto aliumwa koo siku za nyuma.

Nikajibu bila kufikiri: "Hapana. Huyu alikatwaka kilimi akiwa mudogo. Koo haimuumake."

Akaandika "koo: hapana". Akatupa dawa ya minyoo na vitamini, tukaenda nyumbani.

Hapo ndipo kosa letu kubwa lilipo, na ni kosa la kwetu kabisa, kwa hiyo nilieleze. Kilimi ni kale kanyama kadogo kanakoning'inia mwisho wa koo. Huku kwetu familia nyingi humkatia mtoto mchanga, kwa mzee mwenye kisu chake, ili asisumbuliwe tena na kikohozi wala koo maisha yake yote. Mave alikatwa akiwa na miezi mitatu. Koko ndiye aliyembeba kwenda huko. Mimi nilikuwa na diploma yangu sandukuni, na nilikubali, tena niliwaambia wenzangu kazini kwamba huyu hatanisumbua kwa koo. Kuanzia siku hiyo koo la Mave lilikuwa jambo lililokwisha. Lingeweza kuwaka moto na nisingelitazama.

Baba Mave alirudi karibu na Noeli. Alishuka kwenye lori akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akamwita binti yake, na Mave akaja akitupa mikono na miguu kila upande, akaanguka kabla ya kumfikia. Mume wangu alimwokota. Alimlisha jioni ile kwa kijiko, kwa sababu mkono wa Mave ulikuwa unapeleka kijiko sikioni. Hakuniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Ningependelea aulize.

Mwezi wa kwanza, kiangazi kikali, tulikwenda hospitali kubwa. Nitakwambia kuhusu kungojea, kwa sababu hakuna anayekuandaa kwa hilo. Unapewa kikaratasi chenye namba. Benchi ni la mbao, limelainishwa na makalio ya watu wote waliongoja kabla yako. Mtoto wako anarukaruka, na kila mama anavuta wake karibu. Nilianza kuwaeleza: si ugonjwa wa kuambukiza, si kifafa. Kufikia saa nne nilichoka kueleza. Mwanamke mmoja mwenye kichanga alisogea, nikadhani anatukimbia. Kumbe alikuwa anatupisha upande wa ukuta ili Mave asianguke chini. Namkumbuka kuliko ndugu zangu wengi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vilivyochakaa. Alimwambia Mave ashike vidole vyake viwili na kuvibana bila kuachia. Mave alibana, akalegea, akabana, akalegea.

"Muzuri. Sasa toa lulimi, ubakishe vile mpaka mie nihesabu kumi."

Ulimi ukatoka. Alipofika mbili ukarudi ndani. Mave akautoa tena, ukarudi. Alikuwa anajitahidi mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na ulimi haukumtii. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nyuma yake. Sikusikia hesabu iliyobaki.

Daktari akawasha tochi, akatazama kooni.

"Mama, kilimi iko wapi?"

"Ilikatwaka."

"Na koo ilimuumaka mu mwezi ya tisa, ya kumi?"

"Hapana, docteur. Nimesema, kilimi ilikatwaka."

Nilijibu kwa ukali, kama tunavyofanya tukiona aibu. Yeye hakukasirika. Alivuta kiti chake karibu na changu.

"Sikuje kukugombeza. Acha mambo ya kilimi. Kuko siku huyu mutoto alikataaka kumeza bugali?"

Na mara nikaona siku zenyewe. Shule ilikuwa imefunguliwa tu. Mave alikuwa na homa, alikataa bugali siku nne, anakunywa uji tu huku akikunja shingo. Mimi nilimpa chai ya ndimu, nikamwambia aache kujidekeza, kwani kuna wenzake walikwenda shule bila kula. Siku ya tano alikula, nikasema unaona.

"Siku ine," nikamwambia daktari. "Siku ine alikataa."

Aliniandikia jina la ugonjwa kwa Kifaransa kwenye karatasi. Kwa kifupi wanauita kore. Sitajifanya daktari. Nitakupa maneno aliyonipa, kwa sababu ndiyo niliyoyatumia kwa familia nzima. Alisema mwili wa Mave uliamka kupigana na ugonjwa wa koo, kama mbwa wa nyumba anayemfukuza mwizi. Mwizi akaondoka, lakini mbwa hakutulia. Akarudi ndani na kumng'ata mtoto wa nyumba. Alipomng'ata ni kichwani, pale panapoongoza mikono, hofu, kicheko na machozi. Ndiyo maana tabia nayo ilibadilika.

"Haiko na shetani," akasema. "Haiko mukaidi. Hajifanyi. Na atapona, lakini itachukua miezi, mama, haiko siku. Tena mutoto anaweza kwanza kuharibika zaidi mbele ya kupona. Wasije wakakudanganya kama dawa imeshindwa."

Tiba yenyewe ilikuwa vidonge vya kutuliza mwili, na sindano ya penisilini kila wiki ya nne ili koo lisishikwe tena na mbwa asiamshwe. Waliusikiliza moyo wake pia, wakaupiga picha, wakakuta mlango mmoja wa moyo hauzibi sawasawa. Kidogo tu, walisema. Lakini kwa sababu ya hicho kidogo sindano zitaendelea mpaka awe mwanamke mzima. Nilihesabu kwenye vidole nikiwa barabarani, nikaacha.

Sindano ile ni nzito na nyeupe, inaziba kwenye sindano usipoharakisha, na inauma kweli. Usimwambie mtoto haitauma. Nilimwambia Mave hivyo mara ya kwanza na akanitazama wiki nzima kama mtu aliyeuziwa mchele wenye mawe. Muuguzi wa chumba cha sindano, mwanamume mnene anayependa kuimba, alinifundisha kumwambia ukweli, kuipasha chupa joto kiganjani, na kumwambia mtoto achezeshe vidole vya mguu wakati dawa inaingia. Tulitoka hapo Mave akichechemea, mimi nimebeba mkoba wake na kikombe chake na aibu yangu.

Baada ya sindano ya kwanza aliharibika zaidi, kama daktari alivyosema. Maneno yakawa mazito mdomoni, hata sisi hatukumwelewa vizuri. Hakuweza kutembea bila kushikwa. Tuliweka godoro chini. Nilimwogesha, mtoto wa miaka tisa, naye akawa anafumba macho kwa haya. Vidonge vilimfanya asinzie na kula sana, mashavu yakavimba, na watu waliokuja kumwona walisema amenenepa, kama vile hiyo ni habari njema. Mwalimu mwenzangu alichukua darasa langu la alasiri bila kuombwa. Binti wa jirani alikuja kumsuka. Kichwa cha Mave hakikutulia hata dakika moja, na kazi ya saa mbili ilichukua siku tatu, lakini yule binti hakuvuta nywele wala hakulalamika. Mave alijitazama kwenye kioo akacheka, na safari hiyo kicheko kilikuwa chake.

Baada ya sindano ya pili bado hakukuwa na kitu cha kuonyesha watu. Jumapili moja, baada ya ibada, kaka mkubwa wa mume wangu aliita kikao. Tunamwita Baba Mukubwa, na katika familia yetu akishasema, limesemwa. Tulikaa sebuleni. Koko kwenye kiti cha kamba, mume wangu karibu na mlango, mimi kwenye mkeka, Mave amelala nyuma ya pazia na tunausikia mguu wake ukigonga ukuta.

"Mulipeleka ku hôpital," Baba Mukubwa akaanza. "Mulichoma sindano mbili. Sasa iko anatembea? Anaanguka tu. Kuko mama moja ya maombi, kule njia ya Iga Barrière. Anakamataka batoto siku saba. Hapana chakula, hapana dawa, maombi tu. Kesho asubui pikipiki itakuya kumubeba."

Sindano ya tatu ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimeizungushia duara kwenye kalenda.

Mimi ni mtu wa maombi, na nataka hilo lieleweke. Niliomba kwenye yale mabenchi mpaka maneno yakaniishia. Lakini nilijua mtoto anayeanguka kwa udhaifu atakuwaje baada ya siku saba bila chakula, na nilijua kwamba akienda kule kama ndoki, hata akirudi mzima atarudi ndoki. Kwenye kikao kama kile mke haongei kabla hajaulizwa. Niliongea.

"Baba Mukubwa, Alhamisi njo siku ya sindano. Kama Mave anaenda, sindano inaenda naye, na bugali inaenda naye, na mie ninaenda naye. Wakikataa kimoja, anabakia."

"Unakataa maombi?"

"Sikatae maombi. Mutuombee hapa hapa, asubui na mangaribi. Ninakataa njaa. Ninakataa kuacha dawa."

"Weye njo unaongoza hii nyumba?"

Nikaanza tena kueleza habari ya koo na mbwa na mwizi. Sikufika mbali. Koko alipiga mkono wa kiti.

"Koo, koo, koo! Kila siku koo. Kama ni koo, basi ni mie! Mie njo nilimubeba kwa ule muzee wa kisu. Munataka kusema mie niliua mutoto wa mutoto wangu?"

Nilimtazama yule mwanamke, na wiki zote zile nikazielewa kwa mara moja. Koko hakumchukia mjukuu wake. Alitaka awe ni shetani, kwa sababu shetani si mtu wa nyumba hii. Kila niliposema koo, yeye alisikia jina lake.

Nikasogea na mkeka mpaka miguuni pake.

"Koko, docteur hakusemaka kilimi njo ilileta ugonjwa. Alisema siye tuliamini koo ilishapona milele, tukaacha kuangalia. Siye bote. Weye ulimubeba juu ya kumupenda. Mie nilimupiga. Ulimi ilitoka peke yake, akaniambia vile, na mie nikamupiga mbele ya batoto. Kama tunatafuta mwenye kosa, tuanze na mie."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote hilo, hata mume wangu. Alinyanyua kichwa akanitazama, kisha akatazama sakafu. Koko alilia kama wazee wanavyolia, bila kujifuta. Alipomaliza alimgeukia mwanawe mkubwa.

"Muache mutoto. Mupatie mpaka Pasaka."

"Mama, lakini..."

"Nimesema mpaka Pasaka."

Baba Mukubwa huamua mambo ya familia yote, lakini hajawahi kumpinga mama yake, na hakuanza siku hiyo. Alikunywa chai yake ikiwa imepoa, akachukua kofia.

Alhamisi, Koko alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda pikipiki nyuma yetu, akamshika Mave mikono wakati wa sindano. Alimwimbia majina ya ng'ombe wote.

Sitakudanganya kwamba siku iliyofuata Mave aliamka mzima. Mvua za mwezi wa tatu zilianza. Siku moja nilimkuta amelala mchana na mwili wote umetulia, na nikakaa pale mlangoni kumtazama mpaka maharagwe yakaungua. Wiki moja baadaye alibeba kijiko mpaka mdomoni akiwa amekishika kwa mikono miwili. Kisha akarudi nyuma siku tano, tukaogopa wote. Kisha akafunga kifungo. Nilijifunza kutopima kwa siku. Pima kutoka sindano moja mpaka sindano nyingine, na andika, kwa sababu woga husahaulisha mazuri. Pasaka ilipofika alitembea mwenyewe kwenda kanisani, polepole, mkono mmoja kwa Koko. Baba Mukubwa alisimama mlangoni kusalimia watu. Alimtazama anavyopanda ngazi, akasema, "Anaenda vizuri," na tangu siku hiyo habari ya Iga Barrière haikutajwa tena.

Maswali na hofu ndivyo vilivyochelewa kuondoka, na hapo ndipo wazazi wengi huchoka, kwa sababu mwili umetulia na watu wanadhani sasa mtoto anafanya makusudi. Mave aliendelea kuniuliza kama amenikosea. Nilikuwa nikimjibu kila mara, na kila jibu lilizaa swali. Mwishowe tulikubaliana: nitajibu mara moja, na akiuliza tena nitamwambia, "Hiyo ni kore inauliza," kisha tutafanya kazi ya mikono pamoja, tuchambue mchele au tukunje nguo. Siku za kwanza alilia kwa hasira. Mimi pia nililia, chooni. Hatukuacha. Na kitasa cha mlango tulikigusa kwa kidole kimoja wiki nzima, kisha viwili, na mtu angetuona angetucheka sana.

Kabla hajarudi shuleni nilizungumza na darasa. Niliwaeleza ugonjwa, niliwaeleza mbwa na mwizi, wakapenda sana habari ya mbwa. Kisha nikawaambia kwamba siku ile nilimpiga mwenzao akiwa mgonjwa, naye alikuwa amesema kweli, na kwamba mimi mwalimu wao nilikosa. Halafu msichana mmoja wa benchi la mbele, mwenye mdomo kuliko wote, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, na weye utapiga magoti?"

Wote wakacheka, kisha wakaona sicheki, wakanyamaza. Kwetu anayekosa hupiga magoti, hiyo ndiyo sheria niliyoiweka mwenyewe. Nikaweka chaki chini, nikapiga magoti mbele ya ubao. Sakafu ya darasa letu ni saruji iliyopasuka, inauma, nami sikuwa nikilijua hilo. Mwalimu mkuu alipita dirishani, akasimama, akaendelea na njia yake. Tangu siku hiyo fimbo yangu inafungia dirisha upepo ukivuma. Mtoto akibadilika tabia ghafla, ninamwita pembeni, namwambia abane vidole vyangu, na ninamuuliza mama yake kama aliwahi kukataa kumeza.

Mwaka uliofuata Mave alirudia darasa la tatu, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Alijibu kwa mdomo pale ambapo mkono ulichoka, na alikaa karibu na mlango ili atoke akihitaji. Sindano ziliendelea. Wakati fulani mji ulifungwa kwa ajili ya usalama, hakuna aliyetoka nyumbani, na mara barabara ilipofunguka dawa nayo ikawa imekwisha. Tulichelewa wiki tatu. Mave akashikwa na koo, na safari hii sikumpa ndimu, nilimpeleka siku hiyo hiyo. Hata hivyo, siku kadhaa baadaye, nilimwona akimimina maji kwenye kikombe, na bega likaruka.

Nilimwita mume wangu, Koko akachukua mtoto mdogo, na kabla ya saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye benchi na kikaratasi chetu. Mave alikuwa na miaka kumi sasa, mrefu, amekaa wima huku vidole vikicheza bila ruhusa yake. Daktari wetu alikuwa safarini. Chumbani tulimkuta muuguzi kijana, mgeni, mwenye fomu mpya mbele yake, hakutujua kabisa. Aliandika jina, akaandika umri, akamtazama Mave anavyojipindapinda kwenye kiti na ulimi ulivyotoka na kurudi. Akanigeukia mimi.

"Mama, huyu mutoto iko na tabia gani? Haiwezake kutulia?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maelezo yote tayari, nimeyarudia mwaka mzima. Mave akanitangulia. Maneno yalikuwa yameanza kuwa mazito, akayasukuma moja moja.

"Mie niko na tabia muzuri," akasema. "Ugonjwa njo iko na tabia mubaya."

Muuguzi akabaki na kalamu hewani, akinitazama mimi. Nikamwonyesha ile fomu.

"Andika vile amesema," nikamwambia.